Kete ya asubuhi si kete ya jioni

MWAKA 1970 wacheza kamari wachache, wengi wao wenyeji wa Texas, walikusanyika katika jiji la Las Vegas, huko jangwani Marekani, kwenye jumba la kamari la mzee mmoja aitwaye Benny Binion. Jumba hilo liliitwa Horseshoe. Walicheza poka siku kadhaa, usiku na mchana, kila mtu akitumia fedha zake mwenyewe, na mwisho ikatakiwa ajulikane bingwa ni nani. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumjua. Wakaamua kupiga kura. Inasimuliwa kwamba kura ya kwanza ilikuwa kichekesho kitupu, maana kila mchezaji alijipigia mwenyewe. Ikabidi waulizwe upya, safari hii kila mmoja amtaje mchezaji wa pili kwa ubora, ndipo likajitokeza jina la Johnny Moss, mzee aliyekwisha kupita miaka 60. Akapewa kikombe.

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kura hiyo na mambo yaliyotokana nayo. Najua wapo watakaoshangaa kusikia kipindi cha historia kikizungumzia kamari. Lakini historia haikai ikulu peke yake. Wakati mwingine hukaa mezani pamoja na watu wasiolala, na huko nako watu hugundua mambo.

Kwa nini walishindwa kumjua bingwa? Kwa sababu poka ya kawaida, ile ya fedha taslimu, haina mwanzo wala mwisho. Mtu huingia saa anayotaka, akiishiwa hutia mkono mfukoni akaongeza, akichoka huaga. Aliyeshinda leo hukuta kesho zimerudi kwa jirani yake. Ni kama ligi isiyo na mechi ya mwisho. Kilichotakiwa ni kitu ambacho sisi wapenda mpira tunakifahamu vizuri, yaani mtoano: anayefungwa anafungasha virago.

Mwaka uliofuata, 1971, ndivyo ilivyofanyika. Wazo hilo kwa kawaida hutajwa kuwa la Walter Pearson, mcheza kamari aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Puggy. Watu sita waliweka dola 5,000 kila mmoja, wakapewa kete zinazolingana, na hakuna aliyeruhusiwa kuongeza hata moja. Atakayeishiwa atatoka. Atakayebaki na kete zote ndiye bingwa, na fedha zote ni zake. Akashinda Moss yule yule, safari hii bila kura, akaondoka na dola 30,000. Mwaka 1972 kiingilio kikapandishwa hadi dola 10,000, na jambo la ajabu ni kwamba mpaka leo, zaidi ya nusu karne baadaye, kiingilio cha shindano hilo kuu ni dola 10,000 zile zile, ingawa dola ya mwaka 1972 na ya leo hazifahamiani hata kwa salamu.

Naziita kete, kama kete za bao, na naomba niruhusiwe. Waingereza wana jina lao kwa vile vibati vya rangi vinavyosimama badala ya fedha, lakini jina hilo kwetu hapa limekwisha kuwa la viazi vya kukaanga.

Basi katika siku ile ya mwaka 1971 mchezo mpya ulizaliwa ndani ya mchezo wa zamani, na wala karata hazikubadilika. Kopa ni ile ile, uru ni ile ile, shupaza na pau ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na asubuhi, mchana na jioni, na ilichukua miaka mingi mno kwa watu wale hodari kutambua kwamba mtu anayecheza jioni kama alivyocheza asubuhi atakwisha. Historia ninayotaka kuieleza ni ya namna walivyolitambua jambo hilo, na gharama waliyolipa.

Nieleze kidogo kwa wale ambao hawajapata kuuona mchezo wenyewe. Katika poka ya Texas, ambayo ndiyo iliyotawala shindano hilo, kila mchezaji hupewa karata mbili anazoziona yeye peke yake. Kisha katikati ya meza huwekwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu nyingine moja. Mwenye karata tano bora, akichanganya zake na za mezani, ndiye mshindi. Kati ya hatua moja na nyingine watu huweka dau. Anayetaka hufuata, mwenye ubavu hupandisha, anayeogopa hutupa karata zake akakaa pembeni mpaka mgao ujao. Tena kikomo hakuna. Saa yoyote mtu aweza kusukuma kete zake zote katikati. Ndiyo maana katika mchezo huu mtu aweza kushinda bila kuwa na kitu chochote mkononi, kwa mkwara tu, mradi wenzake wauamini.

Sasa, kama watu wangeachwa wasubiri karata nzuri tu, shindano lisingekwisha. Mtu mwenye subira angekaa pale akitupa karata mpaka mvi zimtoke. Kwa hiyo kila mgao watu wawili, kwa zamu, hulazimishwa kuweka dau kabla ya kuona karata zao, mmoja dau dogo na mwenzake dau kubwa. Katika mtoano madau hayo ya lazima hupandishwa kila baada ya muda fulani. Asubuhi ni 100 na 200. Saa chache baadaye ni 500 na 1,000. Kesho yake ni maelfu. Ni kama mvuvi aliyesimama juu ya mwamba maji yakijaa. Mwamba haukusogea, wala yeye hakusogea, lakini sasa maji yako magotini.

Chukua mchezaji mwenye kete 6,000. Madau ya lazima yakiwa 100 na 200, duru moja ya meza itamla kete 300, kwa hiyo anaweza kukaa kimya duru 20 na bado yu hai. Huyo hana haraka. Aweza kutupa karata mbaya na nusu mbaya, akasubiri. Aweza pia kujaribu kwa bei rahisi zile karata ndogo zenye matumaini, kama jozi ya nne, ambazo mara nyingi hazizai kitu lakini zikizaa humfilisi mwenzako. Sasa yaache madau yapande hadi 500 na 1,000. Kete zake ni zile zile 6,000, hakupoteza hata moja, lakini duru moja inakula 1,500. Anazo duru nne tu. Jozi ya nne haina tena nafasi ya kungojea bahati, na kufuata dau la mtu kwa majaribio ni kujikata mkono. Aliyebakiwa na duru nne ana silaha moja tu, nayo ni kusukuma zote katikati kabla mwenzake hajasukuma, akitumaini kwamba wengine wataogopa kufuata. Akingoja mpaka abaki na duru moja, hata hiyo silaha inakuwa butu, kwa maana kete zake ni chache kiasi kwamba hakuna anayeziogopa.

Hesabu hii ya duru inaonekana rahisi mtu akielezwa. Lakini haikuandikwa kwa mapana mpaka mwaka 2005, katika vitabu vya Dan Harrington, mtu aliyepata kuwa mwanasheria na mcheza sataranji kabla ya kuwa bingwa wa shindano hili mwaka 1995. Yeye mwenyewe alimpa heshima ya wazo hilo Paul Magriel, bingwa wa mchezo wa backgammon ule wa kete na vibao, aliyekuwa pia mwalimu wa hisabati. Harrington aliwagawa wachezaji kwa rangi kama taa za barabarani: mwenye duru 20 au zaidi yuko kwenye kijani na aweza kucheza apendavyo, chini ya hapo ni njano, chini ya 10 ni rangi ya machungwa, na kuanzia tano kushuka ni nyekundu, ambapo hakuna tena ufundi wa pole pole bali ni kusukuma au kutupa. Na asidhani mtu kwamba alikuwa mwandishi wa mezani tu. Mwaka 2003, kati ya watu 839, alimaliza wa tatu. Mwaka 2004, kati ya watu 2,576, alimaliza wa nne. Kwa maoni yangu jambo hilo ni kubwa kuliko hata ubingwa wake.

Kwamba hata mwenye kete moja bado yumo mchezoni, hilo lilijulikana mapema kidogo, na lina kisa chake. Mwaka 1982 mchezaji mrefu kupita kiasi aitwaye Jack Straus alisukuma kete zake katikati, akashindwa, akainuka kuondoka. Inasimuliwa kwamba alipoinua kitambaa cha karatasi kilichokuwa mezani akakuta kete moja imejificha chini yake. Kwa vile hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, akaruhusiwa kuketi tena. Kwa kete hiyo moja akapanda, akapanda, mpaka akawashinda watu wote 103 waliokuwa wameingia naye, akachukua dola 520,000. Tangu hapo wacheza poka wana msemo wao kwamba kete moja na kiti vinatosha. Ni kweli vilimtosha Straus. Waliobaki na kete moja wakatoka dakika tano baadaye ni wengi, ila hao hawana msimulizi.

Nimerukia mwaka 1982, na sasa sina budi kurudi nyuma, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote lilitokea mwaka 1978, tena halikutokea mezani. Lilitokea kwenye karatasi ya zawadi.

Mpaka mwaka 1977 mshindi alichukua zote. Wa pili na wa mwisho walikuwa sawa, wote mikono mitupu. Katika hali hiyo mtu hana sababu ya kuogopa kutoka. Doyle Brunson, Mtexas mwingine, alikuwa mfalme wa zama hizo: alishambulia, akapandisha, akawasukuma watu mpaka ukutani, akatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1976 na 1977, na miaka yote miwili karata zake za mwisho zilikuwa 10 na 2, karata ambazo mtu mwenye akili timamu hutupa. Kisha akaandika kitabu kinene akaeleza siri zake, na wenzake wengi wakamlaumu kwa kuvunja ukuta wa nyumba yao.

Lakini mwaka 1978, wachezaji wakiwa wamefika 42, wenye shindano waliamua kugawa zawadi kwa watu watano wa mwisho. Bobby Baldwin alipata ubingwa na dola 210,000, nusu kamili ya mfuko wa dola 420,000. Nusu nyingine ilikwenda kwa wanne waliomfuata. Nadhani waliofanya uamuzi huo walitaka tu kuwafurahisha watu, wengi wapate kidogo, na mwakani waje wengi zaidi. Kumbe waligeuza hesabu ya mchezo mzima.

Hebu tufanye mfano, na aliye na karatasi na kalamu aandike. Wamebaki watu wanne. Kila mmoja ana kete 10,000. Zawadi ni shilingi 100,000, nazo zinagawanywa hivi: wa kwanza 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Wa nne hapati hata nauli ya daladala. Kwa kuwa wote wako sawa, tuseme nafasi ya kila mmoja pale mezani ina thamani ya shilingi 25,000. Sasa jirani yako anasukuma zote. Ukimfuata ukashinda, unakuwa na kete 20,000, yeye anatoka, mnabaki watatu. Kete zako zimekuwa mara mbili. Je, na thamani ya nafasi yako imekuwa mara mbili, yaani 50,000? La hasha. Shilingi 50,000 ndiyo zawadi ya bingwa, na wewe bado hujawa bingwa. Ukipiga hesabu kwa kufuata wingi wa kete za kila mtu, una nusu ya uwezekano wa kuwa wa kwanza, theluthi moja wa kuwa wa pili, na sehemu moja kwa sita wa kuwa wa tatu. Jumla yake ni kama shilingi 38,300.

Ona basi. Ukishindwa unapoteza 25,000. Ukishinda unaongeza 13,300 tu. Ili kufuata dau hilo kusiwe hasara, lazima uwe na uhakika wa kushinda mara 65 katika kila mara 100. Mtu aliyeshika jozi ya malkia anashinda kama mara 57 kwa 100 dhidi ya aliyeshika ree na mfalme wa aina tofauti. Kwa hiyo, hata kama jirani yako angekufunulia karata zake ukaona kwa macho yako kwamba wewe ndiye uliye mbele, bado ingekupasa kutupa jozi ya malkia. Mwambie jambo hili mcheza poka wa fedha taslimu atakuona umerogwa. Na yuko sahihi kwake, kwa sababu kwake kete ya 1,000 ni 1,000, leo na kesho.

Hii ndiyo sababu ya kichwa cha habari cha leo. Katika mtoano wenye zawadi nyingi, kete unazopoteza daima zina thamani kubwa kuliko kete unazopata, na tofauti hiyo hupanuka au hupungua kufuatana na saa. Asubuhi, watu wakiwa maelfu na zawadi zikiwa mbali, tofauti ni ndogo, mtu aweza kucheza karibu kama wa fedha taslimu. Karibu na mstari wa zawadi hupanuka kupita kiasi. Wanapobaki wawili tu hutoweka kabisa, maana wote wawili wamekwisha kuhakikishiwa zawadi ya pili, na kinachogombewa ni ile nyongeza moja. Hapo turudi zama za Brunson: karata ambazo mchana ungezitupa bila kuziangalia mara mbili zinakuwa za kupigania.

Mason Malmuth, mwandishi wa mambo ya uwezekano, aliiweka hesabu ya namna hii kitabuni mwaka 1987. Miaka tisa baada ya karatasi ya zawadi kubadilishwa! Kwa miaka tisa watu waliweka mezani maelfu ya dola wakiongozwa na pua tu. Mwenzake, David Sklansky, baadaye akaongeza kanuni nyingine iliyo ya akili sana: yahitaji karata nzuri zaidi kumfuata mtu aliyekwisha kufungua dau kuliko kulifungua wewe mwenyewe. Anayesukuma kwanza ana njia mbili za kushinda, ama wenzake waogope, ama karata zake zimfae. Anayefuata ana njia moja tu. Na kadiri watu wanavyoogopa kutoka, ndivyo njia ile ya kwanza inavyozidi kupanuka.

Wenyewe wanauita wakati ule wa mstari wa zawadi kwa jina la povu, na mimi naona ndio wakati wenye kuonyesha tabia ya binadamu kuliko yote. Tuseme zawadi zinaanzia mtu wa 63 na wamebaki 64. Atakayetoka sasa amecheza siku mbili tatu bure. Basi wenye kete chache hujificha kama sungura kwenye nyasi. Wanachelewesha mchezo, wanaangalia karata zao kama wanaosoma barua ya mirathi, wakingoja mwingine afe kwanza. Ilibidi itungwe sheria kwamba wakati huo meza zote zigawe karata kwa pamoja, mgao mmoja mmoja, na meza iliyomaliza ingojee nyingine, ili anayechelewa asipate faida. Na wakati wenye kichache wanajificha, mwenye kete nyingi hupandisha dau kila mgao, bila kujali ameshika nini, akivuna madau ya lazima ya waoga mmoja mmoja. Anajua hawatamfuata. Wala hana haja ya karata, kwa kuwa anacheza na hofu yao.

Sasa hofu yenyewe haifanani kwa kila mtu, na hapa hesabu za Malmuth zinaishia njiani. Kuanzia miaka ile palianzishwa mashindano madogo ya mchujo: watu kumi wanaweka dola 1,000 kila mmoja, mshindi anapewa nafasi ya dola 10,000 kwenye shindano kuu. Mwaka 1983 mhasibu kutoka jimbo la Michigan, Tom McEvoy, aliingia kwa njia hiyo akawa bingwa, na aliyemshinda mwisho, Rod Peate, naye alikuwa ametoka kwenye mchujo. Tangu hapo mezani waliketi watu wa aina mbili: tajiri ambaye 10,000 ni chakula cha jioni, na mtu wa mshahara ambaye zawadi ndogo kuliko zote ingemlipia deni la mwaka. Kete zao zina rangi moja. Bei zake ni mbali mbali.

Mfano ulio wazi ni wa Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake halisi, la ukoo, ingawa maana yake ni mtengeneza fedha. Huyu alikuwa mhasibu wa Tennessee. Mwaka 2003 aliingia kwenye mchujo wa intaneti kwa dola 86. Amesimulia mwenyewe mara nyingi kwamba ulipofika mchujo wa mwisho, watu watatu wa kwanza walikuwa wapewe nafasi Las Vegas, na wa nne apewe dola 8,000 taslimu. Moneymaker alikuwa na madeni. Alitaka kuwa wa nne! Mwanamume mzima anapigania kushindwa, na kwa hesabu ya nyumba yake alikuwa na haki. Rafiki yake mmoja ndiye aliyemshawishi aende mbele. Akaenda. Siku ya mwisho, wakiwa wamebaki wawili, alisukuma kete zake zote bila kitu chochote mkononi dhidi ya Sam Farha, mchezaji mzoefu wa fedha kubwa kubwa. Farha alikuwa ameshika jozi iliyokuwa mbele. Akafikiri, akafikiri, akaitupa. Mhasibu wa dola 86 akaondoka na dola milioni 2.5.

Baada ya hapo mlango ulivunjika. Mwaka 2006 waliingia watu 8,773, na mwaka 2023 wakapita 10,000 kwa mara ya kwanza. Shindano lilikwisha kuhama kwa mzee Binion mwaka 2005. Vijana wamekuja na majedwali ya kompyuta yanayowaambia kwa kila idadi ya duru ni karata gani za kusukuma na zipi za kutupa, na mambo ambayo Harrington aliyapata kwa miaka 20 wao huyajua kabla hawajaota ndevu. Sisemi haya ili mtu akauze pikipiki yake akacheze kamari. Kati ya watu elfu kumi wanaolipa, wengi mno hurudi kwao bila chochote, na mwenye jumba hachezi kabisa lakini kila mwaka hupata.

Nimemwacha mmoja mwisho kwa makusudi. Stu Ungar, mtoto wa New York, mdogo wa umbo, alifika katika shindano hili mwaka 1980 akiwa na miaka 26. Akamshinda Brunson katika pambano la watu wawili. Mwaka 1981 akarudia. Hakuwa amesoma hesabu za Malmuth, maana hazikuwa zimeandikwa, lakini alijua ni nani mezani anayeogopa na anaogopa kiasi gani, na saa ya kila jambo aliijua bila kuambiwa. Mwaka 1990 alikuwa na lundo kubwa la kete alipokutwa chumbani mwake hotelini amezimia kwa dawa za kulevya. Sheria ilisema kiti chake kiendelee. Basi kikaendelea, kitupu, na mgawaji akawa anachukua madau ya lazima kutoka kwenye lundo lile kila zamu ilipofika. Watu wakatoka mmoja mmoja, na kiti kisicho na mtu kikabaki. Kete zilizoachwa bila mwenyewe zilimfikisha nafasi ya tisa, na zawadi ya zaidi ya dola 25,000.

Mwaka 1997 hakuwa na hata kiingilio. Rafiki yake Billy Baxter alimlipia dola 10,000 dakika za mwisho, kwa makubaliano ya kugawana. Watu walikuwa 312. Ungar alivaa miwani ya rangi ya samawati kuficha alivyoharibika usoni, akaanza kwa uvumilivu, akaongeza kasi siku ya pili na ya tatu, na watu walipokaribia meza ya mwisho akawa anapandisha dau karibu kila mgao, wenzake wakimpisha. Katika mgao wa mwisho alikuwa na ree na nne, mpinzani wake John Strzemp ree na nane. Karata ya tano ya mezani ikawa mbili, ikamkamilishia mfululizo wa ree hadi tano. Ubingwa wa tatu, na dola milioni moja, nusu yake ya Baxter.

Mwaka uliofuata Baxter alikuwa tayari kumlipia tena. Shindano lilianza Ungar akiwa chumbani, na hakushuka. Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa katika hoteli ndogo ya bei nafuu hapo hapo Las Vegas. Alikuwa na umri wa miaka 45, na fedha alizokutwa nazo zilikuwa dola mia chache.